Ibrahimu bin Babich

Kerubo alizilaza karatasi mbili mezani, moja ubavuni mwa nyingine, akazitazama kwa zamu. Ya kushoto ilikuwa nakala ya pasipoti ya marehemu. Ya kulia ilikuwa hati ya ndoa kutoka Unguja, yenye muhuri wa kadhi na doa la chai pembeni. Ofisi yake ya kuchapa fomu ilibanwa kati ya duka la simu na mkahawa wa Wanepali huko Al Sadd, na foleni ya wenye shida zao ilikuwa imetoka mlangoni mpaka kwenye maegesho.

"Hawa ni watu wawili," alisema.

"Ni mmoja huyo," alisema Vuai.

"Wewe ndio unajua ni mmoja. Karatasi hazijui, bro." Akaweka kucha yake nyekundu juu ya pasipoti. "Huyu anaitwa Zoran Babić. Alikufa mwezi wa tisa, pole sana. Huyu wa cheti cha ndoa anaitwa Ibrahimu bin Babich. Sasa mimi nikijaza fomu ya mtoto, babake nimwandike nani? Nikiandika Zoran, mama hana ndoa naye. Nikiandika Ibrahimu, huyo Ibrahimu hajawahi kuingia Qatar, na hajawahi kufa."

Vuai alikuwa akiitazama ile "bin", namna mkia wa herufi ya mwisho ulivyoburutwa chini ya mstari kwa madaha. Mwandiko huo aliujua, maana ulikuwa wake. Lakini wako watu ambao ukweli ukiwafika kooni huumeza, na Vuai Haji, dereva wa magari ya kukodi, kaka mkubwa katika familia iliyofiwa na baba mapema, alikuwa mmoja wao.

Dada yake Mwanahawa alikaa kwenye kiti cha plastiki, Zuleikha amelala begani mwake. Mtoto alikuwa na miezi minne na karatasi moja tu duniani: kipande cha hospitali kilichoandikwa "Mtoto wa Mwanahawa". Baba yake, fundi wa viyoyozi, alianguka juu ya paa la hoteli siku ya kumi na tisa baada ya mtoto kuzaliwa, moyo ukagoma, kabla hata foleni ya kwanza ya vyeti haijapangwa.

"Sasa inatakiwa nini, dada?" Mwanahawa aliuliza.

"Mtu wa familia ya marehemu. Aandike barua aseme Zoran na Ibrahimu ni mtu mmoja. Awe wa jina hilo hilo, ukoo huo huo. Bila hiyo, huko kwenye ubalozi wenu hawatampa huyu mtoto hati ya kusafiria."

"Ikama yangu inakwisha tarehe thelathini."

"Najua." Kerubo alishusha sauti, kwa kuwa nyuma yao watu walikuwa wametega masikio. "Wewe unaweza kuondoka hata leo. Ni huyu ndiye hawezi."

Na huo ndio uliokuwa mtego wenyewe. Mwanahawa aliishi Doha kwa udhamini wa mumewe. Mume alipokufa, kampuni ilimwandikia barua ya upole kumjulisha kwamba kibali chake cha kukaa, ndiyo hiyo ikama, kitafutwa mwisho wa mwezi. Baada ya tarehe thelathini angekuwa mkosaji kwa kukaa. Kabla ya tarehe thelathini hakuweza kwenda, kwani hakuna mama anayemwacha mtoto wa miezi minne uwanja wa ndege. Mwili wa mume wenyewe ulisafirishwa kwao Kroatia ukazikwa bila yeye, kwa sababu hiyo hiyo. Siku zilizobaki zilikuwa tisa.

Kerubo alizikusanya karatasi, akazirudisha kwenye mfuko wa nailoni, akamwita mtu wa nyuma yao kabla hawajasimama vizuri.

*

Walikuwa wakiishi Abu Hamour, katika jumba lililogawanywa kwa mbao kuwa vyumba kumi na vinne. Mwanahawa na mtoto walilala kitandani, Vuai alitandika godoro karibu na mlango. Jirani wa upande wa kulia alikuwa Peninah, muuguzi kutoka Machakos, ambaye kila akikohoa wao walisema "pole" na yeye akasema "asante", ndivyo mbao zilivyokuwa nyembamba.

"Kaka," alisema Mwanahawa akimbadilisha mtoto nepi, "kwa nini kadhi aliandika bin Babich? Babich si baba yake. Baba yake akiitwa Stjepan."

"Kadhi ana watu wengi, mdogo wangu. Siku ile tulikuwa ndoa ya saba."

"Lakini weye si ulikuwa umekaa pale pale? Walii wangu wa ndoa weye, mkalimani weye."

"Nilikaa, ndiyo. Kwani nilikuwa nasimamia kalamu ya mtu?"

Akatoka kwenda kuchota maji ambayo hayakuwa yakihitajika. Aliporudi alikuwa na jambo jipya la kusema, kama wafanyavyo watu wanaotaka jambo la zamani lisahauliwe.

"Nimekumbuka. Nimewahi kumwendesha Babić mwengine. Yule anayekanda wachezaji wa mpira wa mikono, anakaa Al Wukair. Nilimsoma jina kwenye oda: Babić, herufi kwa herufi, hata kile kialama cha juu ya c. Huyo ni mtu wa ukoo, Mwanahawa. Atatuandikia."

"Una hakika ni watu wamoja?"

"Jina moja, nchi zao zimepakana. Unataka hakika gani?"

Kwao Makunduchi, watu wawili wakikutana na jina la ukoo likafanana, chai haipoi kabla hawajampata babu waliyechangia. Vuai alilala akiwa na matumaini. Mwanahawa alilala akiwa na Zuleikha, na kwa wiki hizo lilikuwa jambo lile lile.

*

Ijumaa baada ya sala waliingia Al Wukair. Mlinzi wa geti la nyumba za wafanyakazi wa kigeni alikuwa Mkenya, Lenny Onyango, kijana mwenye miwani ya jua na daftari la wageni.

"Uko na jina kwa list?" alimuuliza Vuai.

"Sina. Ila mwambie ni jamaa yake. Mambo ya ukoo."

Lenny aliitazama gari, akamtazama Vuai na kofia yake ya kiua, akavua miwani. "Msee, jamaa ya Babić? Wewe?"

"Dada yangu kaolewa kwao."

"Sawa. Lakini ngojea pale." Akaonyesha kivuli cha mapipa ya taka. "Si ubaya. Madereva husimama pale, ni sheria yao, si yangu."

Wakangoja kwenye mapipa. Wapangaji waliokuwa wakipita na mifuko ya soko walishusha vioo, wakawatazama, wakapandisha vioo. Zuleikha alianza kulia. Mwanahawa aligeukia ukutani akamnyonyesha chini ya mtandio, na Vuai akasimama mbele yao ameinyoosha kanzu yake ili wasionekane. Baada ya nusu saa Lenny alileta chupa ya maji bila kuombwa, na nyuma yake akaja mtu mrefu mwenye kaptura na kandambili, nywele zimelowa.

Davor Babić alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Kiingereza cha Vuai kilikuwa cha barabarani, lakini neno "family" alilitamka mara tano, akionyesha kidole kwa Davor, kwa mtoto, kwa Davor tena.

"Mimi ni Mserbia, wa Novi Sad," Davor alisema hatimaye. "Marehemu alikuwa Mkroatia. Hatuna undugu, rafiki yangu."

"Lakini jina."

"Jina." Davor alicheka, lakini si kwa kebehi. "Ukisimama sokoni Zagreb ukaita Babić, watageuka watu kumi. Ukienda kwetu Serbia, vile vile. Ukienda Bosnia, ndio usiite kabisa. Ni maelfu kwa maelfu. Kama wote tungekuwa ndugu, harusi yangu ingefanyika kwenye kiwanja cha mpira." Alipoona Vuai hacheki, akalainika. "Ingieni ndani. Mtoto asikae na mapipa."

Aliwaketisha jikoni. Mkewe hakuwapo. Aliwapa juisi, akachukua kalamu akaliandika lile jina nyuma ya bahasha, akalikata vipande viwili kwa mstari.

"Hii ya mwisho, ić, ni mtoto wa. Kama nyinyi mnavyosema bin. Na hii ya mwanzo, baba."

"Baba," Vuai alirudia, akapata nguvu. "Hata kwetu ni baba. Mzazi mwanamume."

"Hapana. Kwetu baba ni bibi. Mwanamke mzee. Wengine husema mkunga. Nyanya yangu alisimulia kwamba zamani mume akifa vitani, watoto waliitwa kwa jina la mwanamke aliyebaki nyumbani: wale wa bibi yule. Vijiji vingi vilikuwa na mabibi wa namna hiyo, ndiyo maana jina limejaa kila mahali. Sijui kama ni kweli. Ila hakuna ukoo hapo. Kuna wajane wengi tu."

Mwanahawa aliomba atafsiriwe. Vuai alimtafsiria yote isipokuwa ile habari ya bin, kwa maana alikuwa amekwisha piga hesabu kichwani: bin Babich ilikuwa mwana wa mwana wa bibi. Alikunywa juisi yote kwa mkupuo mmoja.

"Siwezi kutia saini kwamba ni ndugu," Davor alisema. "Nitakuwa nimesema uongo kwenye hati, na mimi hapa ni mgeni kama nyinyi. Lakini mama wa marehemu yupo?"

"Yupo. Namba tunayo. Lugha ndiyo hatuna."

"Basi hiyo ninayo mimi."

*

Bi Ruža Babić alitokea kwenye kioo cha simu akiwa jikoni kwake, kijijini Slavonia, kitambaa cheusi kichwani, na saa ya ukutani nyuma yake. Mara tu Davor alipomaliza salamu, yule mama alisema neno, Davor akawafasiria.

"Amesema, wewe ni wa upande wa pili. Ameisikia lafudhi yangu." Akamjibu, kisha akawageukia kwa Kiingereza, Vuai akimfasiria dada yake. "Nimemwambia ndiyo, ni Babić wa upande wa pili."

Mama alisema tena, maneno mengi, bila kupandisha sauti. Davor alikuwa na nafasi ya kuyaruka. Mwanahawa, ambaye mumewe alimsemesha kwa Kiswahili cha kuokoteza, hakuijua lugha wala Vuai hakuijua, na hakuna ambaye angemshika. Aliyasema yote.

"Amesema zizi lao lilichomwa vitani mwaka tisini na moja na mtu mwenye jina kama langu na lake. Amesema ng'ombe walikuwa ndani. Anauliza kama ninawajua watu hao. Nimemwambia siwajui, na kwamba ninasikitika."

Vuai aliinamisha macho kwenye bahasha. Alikuwa na umri wa mtu mzima na ndio kwanza aone kazi ya ukalimani inavyofanywa.

Davor alieleza shida ya hati. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti akakaa.

"Anasema, nilimzaa Zoran, nikambatiza Zoran, na mwezi wa tisa nimemzika Zoran. Huyo Ibrahimu simjui. Mnataka niandike kwamba mwanangu alikuwa mtu mwengine. Siandiki."

"Mwambie si mtu mwengine," alisema Mwanahawa. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Mwambie ndivyo nilivyokuwa nikimwita."

Davor alimwambia.

"Anauliza, na yeye?"

"Alikuwa akiitika."

Davor alipolifikisha hilo, saa ya ukutani ikasikika mpaka Doha. Halafu akauliza jambo fupi, na Davor akaigeuza simu kumwelekea Zuleikha, aliyekuwa akinyonya ngumi yake. Mama alisogea mpaka paji la uso likajaa kioo kizima.

"Anasema masikio ni ya Stjepan." Davor alikohoa. "Anasema sasa sikiliza vizuri. Hataandika kwamba alikuwa Ibrahimu. Ataandika kwamba mwanawe Zoran alikuwa akiitika mkewe alipomwita Ibrahimu. Zaidi ya hapo haandiki hata akija askofu."

Mwanahawa alilia hapo, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu tangu msiba. Alilia kwa sababu mtu mwengine duniani alikuwa amekubali kwamba alikuwa na mume. Mama naye akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akasema neno moja, akakata simu. Davor alilitafsiri hilo pia: lilikuwa salamu kwao wote.

*

Mficha maradhi kilio humuumbua. Vuai alikuwa amekwama kwenye msongamano wa magari, wanarudi Abu Hamour, Mwanahawa na mtoto kiti cha nyuma, aliposikia mdomo wake mwenyewe ukisema.

"Lile jina nililitia mimi."

"Jina gani?"

"Yote mawili. Ibrahimu na bin Babich." Aliushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari ilikuwa imesimama. "Shahada aliitamka, hilo nakuapia, neno kwa neno nyuma ya kadhi. Kisha kadhi akauliza, jina lake la Kiislamu nani? Nikamuuliza kwa Kiingereza, hakunifahamu. Watu wanangoja, ndoa ya nane ipo mlangoni. Nikasema Ibrahimu. Kadhi akasema, baba yake? Yeye aliposikia baba akacheka, akajigonga kifua, baba, Babić, baba, Babić. Nikaona si ndiyo hiyo, kajibu mwenyewe. Karani kalamu yake imekauka, mimi ninayo mfukoni. Nikaandika."

"Kadhi hakukuuliza kama unafahamu anachosema?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

Vuai alitazama kioo cha juu, akayakuta macho ya dada yake, akayakimbia. "Nilimwambia lugha yao naijua. Nilifanya kazi nao mwaka mzima pale bandarini."

"Unajua maneno mangapi?"

"Manne. Vizuri, kahawa, asante, kesho."

Gari za mbele zilisogea, wa nyuma yao akapiga honi, Vuai akasogea.

"Miaka mitatu," Mwanahawa alisema polepole, "nimemwita mume wangu jina nikidhani kalichagua. Nilikuwa nikijisemea, huyu mtu kaniheshimu, kajichagulia jina la nabii. Kumbe kapewa na weye, kama unavyompa paka jina."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Na juzi nimekuuliza. Umeniambia kadhi ana watu wengi."

Walipofika, Mwanahawa alishuka na mtoto na begi la nepi, akakataa kupokelewa. Siku nne zilizofuata alimwekea kaka yake chakula kwenye sahani, akamfulia shati la kazi, na hakumsemesha. Peninah alipoona upande wa pili wa mbao umenyamaza hivyo, aligonga mlango akauliza kama kuna mgonjwa.

*

Barua ya Bi Ruža ilifika kwa Davor tarehe ishirini na saba, na tarehe ishirini na nane asubuhi walikuwa mbele ya dirisha la hati za safari katika ubalozi wa kwao. Aliyekaa nyuma ya kioo aliitwa Yusufu, mtu wa Tabora, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliisoma barua na tafsiri ya Davor mara mbili.

"Bi Mwanahawa, pole kwa msiba. Lakini kuitika siyo jina. Mke wangu huniita Baba Rehema, naitika kila siku. Pasipoti yangu haisemi Baba Rehema."

"Hakuna njia nyengine?"

"Ipo moja. Naweza kumpa mtoto hati ya dharura sasa hivi, kwa jina lako wewe. Sehemu ya baba natia kistari." Akachora hewani kwa kidole, mstari mfupi. "Mnasafiri kesho. Ukifika nyumbani unaweza kufungua shauri la kurekebisha. Sikufichi, mashauri hayo huchukua miaka, na mengi hulala."

Mwanahawa alikijua kistari. Kistari kingemtangulia Makunduchi kabla ndege haijatua. Kingekwenda na Zuleikha shule siku ya kuandikishwa, na siku ya posa kingekaa mkekani pamoja na wazee, waulizane binti huyu ni wa nani, na atazungumza nani kwa upande wa baba. Wangesema Mwanahawa alikwenda Uarabuni akarudi na mzigo. Alimpandisha mtoto begani, akaitazama saa ya ukutani, akahesabu siku mbili.

"Andika," alisema.

Yusufu alivuta fomu.

"Ngoja," alisema Vuai. "Ile hati ya ndoa niliandika mimi."

Yusufu hakuinua uso mara moja. Alimaliza kuifunika kalamu kwanza. "Sema tena, kaka."

Vuai alisema tena, yote, ya kadhi na ya kalamu na ya maneno manne. Foleni ya nyuma ilikuwa ya Watanzania watupu. Hapakuwa na aliyehitaji mkalimani. Mtu mmoja alicheka, mwengine akamwambia anyamaze. Vuai aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, na akaendelea kusema mpaka alipofika mwisho.

"Sasa nisikilize," alisema Yusufu. "Ukiapa hivyo kwa maandishi, nina la kuandika. Barua ya mama inasema mtu alikuwepo. Kiapo chako kinasema kosa lilitoka wapi. Kwa viwili hivyo namtia baba, Zoran Babić, na dhamana ni yangu. Lakini utakuwa umekiri kwamba ulimdanganya kadhi na kuandika uongo kwenye hati ya serikali. Jalada litakwenda Unguja, na pasipoti yako itabaki kwenye droo hii mpaka wajibu."

"Watajibu lini?"

"Wanaweza kujibu baada ya mwezi. Wanaweza baada ya mwaka. Ikama yako inakwisha lini?"

"Mwezi wa pili."

"Kampuni haitairefusha bila pasipoti. Na bila pasipoti huwezi kurudi nyumbani."

"Nafahamu."

"Nataka uwe umefahamu kweli, kaka. Utakuwa kama huyu mtoto alivyo sasa hivi."

Vuai alimtazama Zuleikha, ambaye kutoka begani mwa mama yake alikuwa akiichezea nembo ya mlinzi aliyesimama kando ya dirisha. Alikuwa na hofu, na hakuna haja ya kumsingizia ushujaa. Alifikiria nyumba yake isiyoezekwa huko kwao. Alimfikiria mudiri, meneja wa kampuni, Mmisri asiyependa maneno mengi, na namna atakavyounyoosha mkono kutaka funguo za gari. Kisha akaomba kalamu. Yusufu alimpa moja ya zile tatu.

Kuandika kulichukua robo saa. Vuai aliandika taratibu, kila neno akilisoma kwanza kwa sauti, na hakuuvuta mkia wa herufi yoyote. Aliapa ameweka mkono juu ya msahafu ulioletwa kutoka chumba cha ndani. Yusufu alipiga muhuri, akaichukua pasipoti ya Vuai, akaitia kwenye droo, akaifunga. Halafu akaiandaa hati ya mtoto, akaipitisha chini ya kioo ili mama aikague.

Mwanahawa aliisoma akifuata kwa kidole. Zuleikha Zoran Babić. Alirudi mwanzo akaisoma tena, midomo ikicheza bila sauti, kwani jina la kwanza la mumewe hakuwa na mazoea nalo. Aliikunja mara moja, akaiingiza kifuani ndani ya kanga, akamshukuru Yusufu na kumwombea kwa Mungu.

Nje, jua la asubuhi lilikuwa limejaa kwenye ngazi. Vuai alikuwa ametangulia hatua mbili, kwa mazoea ya dereva ya kwenda kufungua mlango. Nyuma yake alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia ikielekezwa kwake kwa siku nne.

"Kaka. Nipe namba ya mama yule."

Aligeuka. "Ya nini?"

"Nikifika nitampigia mwenyewe. Nimwambie mjukuu wake kafika."

"Utampigiaje, Mwanahawa? Lugha yake huijui."

"Kwani weye ulikuwa ukiijua?"

Vuai alitoa simu. Alimsomea namba, tarakimu moja baada ya moja, na kila moja alingoja mpaka dada yake amalize kuiandika.